Wiki ya Mizizi Yangu

Mama mkwe alipopatikana na presha mwaka 1967, daktari wa Uriri alikubali tujaribu dawa zetu za miti huku akimpima: wiki ya kwanza majani ya mke mwenzangu Nyasuguta, ya pili mizizi yangu. Mimi niliyesoma ngumbaru, darasa la watu wazima, ndiye niliyeandika vipimo. Nilitamani mama aseme mbele ya boma lote kwamba mimi, Orpah, ndiye niliyemponya.

Wiki ya Nyasuguta presha ilishuka. "Andika vizuri, mwalimu," alinicheka. Niliandika huku roho ikiniuma, mwanangu akinivuta kalamu.

Wiki yangu presha ilishuka zaidi. "Umeona?" nilimwambia Nyasuguta.

Mama akaguna. "Mmeona nini? Wiki hii Nyasuguta ameniletea majani yake kila asubuhi, kwa siri. Na wewe Orpah, wiki ile hukuniletea mizizi? Mke wa mwanangu akileta kikombe, siwezi kukirudisha. Nimekunywa yote."

Daktari aliupiga mstari ukurasa wangu. "Basi hatujui dawa ni ipi. Anzeni upya."

Jumatatu alfajiri nilikwenda kuulinda mlango wa mama. Nyasuguta alikuwa ameshaketi hapo.