Mfuko wa Upepo Wenye Bitana

Mimi Msafiri, fundi cherehani, baraza ya tatu ukitoka sokoni Arusha, nilikuwa na msemo wa kuvutia wateja: nguo ya Msafiri humzika mvaaji. Watu wakicheka. Na mimi nikicheka nao, mpumbavu.

Enzi hizo za Mwingereza kiwanja chetu cha ndege kilikuwa nyasi tupu chini ya mashamba ya kahawa. Mlinzi wake alikuwa rafiki yangu Sumari, Mmeru wa Nduruma. Ndege ikisikika, Sumari alifukuza ng'ombe, kisha akachoma majani mabichi ya mgomba ndani ya pipa, ili rubani aone moshi unalalia wapi, atue akiukabili upepo.

Bwana Kofia, Mzungu msimamizi wa kiwanja, akauchoka moshi. Wageni wake wa ndege za kukodi, alisema, wanashuka wakinuka kama samaki wa kubanikwa. Akaniletea mfuko mrefu wa kitambaa, wazi pande mbili, umechanika vibaya.

"Huu hutundikwa mlingotini. Ukijaa upepo, rubani anaona unatoka wapi. Nishonee usiochanika."

Nikamshonea wa turubai, nikautia na bitana, mishono mitatu mitatu. Akauvuta kwa mikono miwili, akafurahi, akatia sahihi kwamba ameupokea. Kisha akapiga marufuku moshi.

Kesho yake Sumari alikuja barazani.

"Fundi, umeushonea upepo koti la baridi?"

"Mla loshoro, mtu wa mahindi ya mtindi, unajua nini cha nguo? Shati lako lina vifungo viwili, na kimoja ni cha suruali."

"Lakini hauinuki, Msafiri. Umening'inia kama kiwele kilichokamuliwa."

"Upe siku mbili ulainike."

Alhamisi ya wiki ile, saa nne asubuhi, nilikuwa kiwanjani kumpelekea Bwana Kofia suruali zake. Ndege ya kukodi ikatokea Nairobi: rubani, wawindaji wawili wa Kizungu, na mpishi wao Mikaeli, mtu wa Themi. Upepo ulikuwa ukiteremka kutoka mlima Meru, unainamisha nyasi. Mfuko wangu, bitana yake imenyonya mvua ya usiku, ulikuwa umelala ubavuni mwa mlingoti kana kwamba hewa imesimama.

Rubani akazunguka mara moja, akautazama, akauamini. Akaanza kushuka kutoka upande wa mlima, upepo mgongoni.

"Anakosea huyo!" Sumari akalikimbilia pipa.

"Acha!" Bwana Kofia akafoka.

Hakuacha. Moshi ulipoanza kulala, ndege ilikuwa tayari juu ya kahawa, inakuja kasi kupita kiasi. Nadhani rubani aliuona, maana injini ilinguruma akijaribu kupanda tena. Bawa likanasa kwenye mgrevilea, mti wa kivuli cha kahawa. Haikufika kwenye nyasi.

Walikufa wote wanne. Mikaeli nilimtambua mimi, kwa shati. Nilimshonea Pasaka. Halikuchanika popote.

Mahakamani Bwana Kofia alieleza kwamba moshi aliokataza ndio uliombabaisha rubani. Sumari akashtakiwa kwa kukaidi amri na kusababisha vifo. Mkewe, Hanna, alikuja barazani kwangu, akakataa kukaa.

"Shemeji, wewe unajua. Utasema, au utaendelea kukanyaga cherehani?"

Nikavaa kanzu safi, nikaenda. Nikasema kosa ni langu: nilitia bitana, mfuko ukawa mzito, ukalowa, ukamdanganya rubani, na Sumari alikuwa akijaribu kumwokoa. Karani Elifuraha akatafsiri, tena polepole. Hakimu akaomba karatasi ya kupokelea mfuko. Akaitazama ile sahihi ya Bwana Kofia muda mrefu, akamtazama mwenyewe, kisha akaigeuza karatasi kifudifudi juu ya meza.

"Mwambie fundi," akasema, "mahakama haikuja kujifunza kushona."

Sumari akapewa miaka mitatu. Alipopitishwa na askari, mikono imefungwa, alinikuta nimejiinamia mlangoni.

"Usilie, Mswahili. Huko wananipa nguo ya bure, na hukuishona wewe."

Mwezi haujaisha, Bwana Kofia akarudi barazani. Kuna kiwanja kingine, alisema, kinataka mfuko. "Kama ule ule. Ule ni imara, mpaka leo uko mlingotini."

Nikamshonea wa amerikani nyepesi, mshono mmoja. Akauvuta kwa mikono miwili, ukapasuka.

"Kazi gani hii?"

"Hii ndiyo kazi, bwana."

Akanitupia vipande, akavuka barabara kwa fundi mwingine. Huyo alitia bitana mbili.

Siku ya kutembelea wafungwa nilimsimulia Sumari yote. Nilingoja anitanie, anitukane hata, nipate nafuu. Kengele ya kuondoka ilipolia ndipo akauliza:

"Na pipa langu, analo nani?"

"Wamelitoboa chini. Mke wa Bwana Kofia amepanda maua."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani.