Alichokuwa Akikicheka Ghaliya

Hodi ilipigwa Jumatatu asubuhi, Kazija yuko uani anaanika mwani. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, buibui limejaa vumbi la njia. Baada ya salamu akauliza kama hapa ndipo kwa yule aandikaye hadithi za Mwalimu Matano.

Kazija aliduwaa. Pale Micheweni hakuna aliyejua habari hizo isipokuwa mama yake, Bi Mgeni, ambaye kila siku alimtania kwamba shahada yake ya chuo kikuu imekuwa ya kupapasa simu. Mwalimu Matano alikuwa mhusika wa mchezo wa redio uliokatizwa katikati, pasi na msikilizaji kujua kama alirudi kwao. Kwa miaka sita Kazija alikuwa akiuendeleza mchezo ule kwenye blogu, akichanganya na mambo yake mwenyewe: mwani uliooza, barua za kazi zisizojibiwa, mpapai wa mlangoni ulioegemea ukuta. Kwa mpapai huo ndipo mgeni alipoitambua nyumba.

Jina lake Raniya, wa Kengeja. Mdogo wake, Ghaliya, alilala kitandani miaka mitatu kwa maradhi ya figo, na arubaini yake ilikuwa imepita wiki iliyotangulia. Kwenye blogu alijiita Jirani; kabla ya kufa alimtajia dada yake jina hilo, Mwalimu Matano, Micheweni na mpapai, basi. Chini ya kila hadithi, Jirani ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuandika maoni. Aliponyamaza mwezi wa Agosti, Kazija alidhani amechoshwa na hadithi.

"Tulikuwa tukimsikia anacheka peke yake chumbani," alisema Raniya. "Hatujui alikuwa akicheka nini. Mama anataka kujua. Simu yake imefungwa kwa namba za siri, na yangu ndiyo hii ya vitufe. Niandikie alichosema, dada. Chote."

"Chote, inshaallah. Njoo Ijumaa."

Aliahidi akidhani ni jambo jepesi. Kampuni iliyohifadhi blogu ilikwisha kutangaza kwamba inazifunga zote Alkhamisi, saa kumi alasiri, na Kazija alikuwa tayari kuhamia kwenye makavazi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki, ambako kila hadithi hupangwa chini ya mchezo wake, na mtu wa popote akimtafuta Matano atampata. Tamaa yake yote aliiweka huko. Jioni ile ndipo aliposoma masharti: makavazi hupokea hadithi tu, maoni hayaingii. Tena ukurasa wa kuhamishia uachwe wazi kwa saa kadhaa, simu isishughulishwe na jingine. Nayo ilikuwa wiki ya uchaguzi, mtandao unakuja na kupotea.

Jumanne alijaribu kuhamisha. Kazi ilifika nusu, ikakatika, ikaanza upya. Hakuwa na nakala nyingine. Kila hadithi aliiandika humohumo. Jumatano asubuhi alisitisha, akachukua daftari.

Hadithi zilikuwa arobaini na moja. Kila ukurasa ulichukua robo saa kufunguka, kisha hadithi yake mwenyewe ikapita mbele ya macho, naye akaivuka kwenda chini kwa Jirani. *Huyo mwalimu apewe uji kabla hajahutubia.* *Leo sikulala, lakini mbuzi wa Matano kanifaa.* *Usimwoze haraka, nataka nimuone anateseka kidogo.* Alinakili na tarehe.

Alkhamisi, saa tisa na dakika arobaini, alikuwa kwenye kurasa mbili za mwisho. Mmoja ulikuwa umekwisha kufunguka: hadithi aliyoipenda kuliko zote, Matano anarudi na mlango haufunguliwi. Maoni yake alikwisha kuyachukua. Angeweza kuinakili hadithi hiyo walau nusu. Ukurasa wa pili alikumbuka una maoni ya kicheko tu.

Bi Mgeni, aliyekaa karibu anachambua mchele, alikwisha kuambiwa hayo.

"Hata hicho cha kucheka?"

"Nilisema chote, mama."

"Na wewe utabaki na nini?"

Kazija akaifunga hadithi, akabonyeza ukurasa wa mwisho. Ulifunguka zikiwa zimebaki dakika tatu. Maoni ya Jirani yalikuwa mstari mmoja: *hahahahahahahaha*. Akaanza kuandika, akasita, akarudi kuhesabu, isije ikapungua ha moja.

Alipoinua kichwa, kioo cha simu kilikuwa cheupe; saa kumi imetimia. Akaandika tarehe, akalifuta daftari vumbi la mwani kwa upindo wa kanga.