Maneno Ndani ya Kifuniko

Mimi si fundi. Ni karani wa kutoa mizigo bandarini, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na mbao ni kazi yangu ya Jumapili, ili nisigombane na watu. Nina ruta niliyoinunua duka la zana pale Msimbazi. Ni mashine ya kushika kwa mikono miwili, chini yake kuna kisu kinachozunguka. Ukiipitisha juu ya ubao inachimba mfereji, ua, herufi, chochote utakacho. Kelele zake zinatosha kumtoa mtu pepo. Majirani wamelalamika mpaka wamechoka, na hao hao ndio wanaokuja kuniomba niwachimbie vibao vya milangoni.

Kasha la Husna nililianza wiki aliyoposwa. Mninga mtupu, bila msumari hata mmoja. Maua ya asumini niliyachora kwa penseli kwanza, kisha nikayachimba taratibu, maana ruta ukiisukuma upande usio wake inaruka na kuutafuna ubao. Lilinichukua miezi saba.

Husna nilimkuta ana mwaka na nusu, nilipomuoa mama yake, Sophia. Baba yake mzazi, Haruna, alikuwa ameshakwenda zake Maskati, na huko alikaa miaka ishirini na tatu bila kutuma hata salamu za Idi. Alipougua surua, aliyekesha ni mimi. Siku alipovunjika mkono shuleni, aliyekimbia naye hospitali ni mimi. Na mtu wa kwanza yeye kumwita baba ni mimi.

Basi ndani ya kifuniko nikachimba: "Kwa mwanangu Husna. Baba yako, Nurdin." Kwetu kasha la bibi harusi hufunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa bwana, na kifuniko kikiinuliwa, upande wake wa ndani ndio unaoonekana kwanza. Nilitaka wasome. Sioni haya kusema hivyo.

Lakini ndoa inataka walii, na walii ni baba mzazi akiwa hai. Ningeweza kumlisha mtoto mpaka aote mvi, kumuozesha siwezi. Sheria ya dini siipingi. Kilichonichefua ni uso wa Haruna aliposhuka kutoka Maskati Jumatano ya wiki ya harusi, kanzu imepigwa pasi, miski inanukia mpaka barabarani, anasalimia watu kama mtu aliyetoka mara moja kununua sigara.

Siku ile ile dada wa Haruna, Bi Fatuma, alikuja kukagua vyombo vya harusi. Aliinua kifuniko, akasoma, akakishusha polepole, akaondoka bila kumaliza maji aliyokaribishwa. Alasiri Sophia akanifuata uani.

"Baba Husna," akasema, kwa mazoea tu, "Haruna anasema kasha likitoka na maneno yale, yeye haozeshi. Anasema unamvua nguo mbele ya wakwe."

"Hizo nguo alizivaa lini?"

"Nurdin, ndoa ni keshokutwa."

"Akikataa, kadhi ataozesha."

"Na wakwe waseme nini? Binti ana baba mzima, yuko hapa hapa mjini, halafu anaozeshwa na kadhi? Unawajua watu wale."

"Basi Husna mwenyewe aje aniambie." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika hatakuja.

Alikuja. Mikono imejaa hina mbichi, ameiinua asiguse kitu. Alisimama kwenye mlango wa ua.

"Baba, naomba uyatoe."

"Nitoe jina langu, au yote?"

"Baba, usinifanye niseme."

"Sema."

"Yote," akasema.

Alhamisi asubuhi sikwenda kazini. Nilikilaza kifuniko juu ya meza, nikakibana. Herufi zilikuwa zimezama milimita sita, na msasa haufiki huko. Ilibidi nifunge kisu bapa niishushe sehemu nzima, mstari kwa mstari. Nilianza na jina langu, nikidhani ndilo litakaloniuma zaidi. Lilitoka kirahisi. Nilipofika kwenye "mwanangu" nilizima mashine nikalia, na sikujali ananiona nani. Jirani yetu Shomari alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimejikata kidole. Nikamwambia ndiyo, kidole. Akanipa pole, akashauri nitafute mafuta ya taa. Nikawasha tena, nikamaliza. Pakabaki bonde bapa, upana wa sinia dogo, nikalipaka vanishi.

Mchana kina mama wa upande wa bwana harusi wakaja kuchukua vyombo. Kasha nililiingiza sebuleni mwenyewe, nguo zangu zikiwa bado na vumbi la mbao. Haruna alikuwa amekalia kochi langu. Husna alikuwa mkekani, hina imeshakauka, mtandio begani. Mkubwa wa wageni, Bi Badria, shangazi yake bwana harusi, akapapasa maua, akasifu, akauliza kasha limetolewa na nani.

"Baba yake," akasema Bi Fatuma, akimwonyesha Haruna kwa mkono.

Vigelegele vikapigwa. Haruna akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Sophia alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Bi Badria akainua kifuniko. Kiganja chake kikapita juu ya bonde, kikarudi, kikapita tena.

"Mbona hapa pameliwa?"

Haruna akaanza kutazama simu yake. Bi Fatuma akarekebisha kanga. Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye jibu lake nililitaka.

"Fundi alikosea," akasema Husna.

"Kasha zuri hivi. Fundi gani huyo?"

Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Wa hapa hapa mtaani," akasema. "Bado anajifunza."

Bi Badria akacheka, akafunga kifuniko, akasema basi lipakiwe, jua linazidi. Nikashika upande mmoja. Haruna, kwa kuwa watu wanatazama, akashika wa pili, na tukalitoa nje pamoja hadi kwenye gari.