Taya la Winchi

Mwenyekiti wa soko alikuja kukagua sanamu akiwa na kamati nzima nyuma yake. Aliitazama kwa muda mfupi tu, kisha akaweka dole gumba lake kwenye taya la udongo na kulisukuma. Udongo ulikuwa bado mbichi, taya likasogea. Bi Tope, mfinyanzi aliyekuwa amelihangaikia taya hilo wiki tatu, hakujipa hata muda wa kufikiri. Alimchapa Mwenyekiti kofi la mkono hadi pete ikamruka na kutumbukia kwenye ndoo ya maji machafu.

"Limepinda," Mwenyekiti akasema huku akijifuta tope. Alijaribu kucheka. "Nani anataka kuingia sokoni asubuhi akatazamwa na uso wa namna hii? Linyooshe. Mpe na tabasamu kidogo."

"Winchi hakufa akitabasamu."

"Hakuna aliyekuuliza alikufaje."

Kwa hilo alisema kweli. Nani aulize, na soko zima liliona? Winchi alikuwa hamali, mwanamume wa mabega mapana aliyebeba peke yake mizigo ya watu wawili, ndiyo maana wakamwita hivyo. Asubuhi moja aligoma kuondoa mkokoteni wake langoni kabla hajashusha gunia la mwisho. Mgambo watatu wa soko wakamwangukia kwa virungu, na alipoanguka hawakuacha. Mmoja wao, jitu linaloitwa Kisigino, aliinua buti akamkanyaga usoni mara mbili. Bi Tope alikuwa ng'ambo ya njia, mbele ya vyungu vyake vya maua, hatua nane tu kutoka pale. Alisikia mfupa ukivunjika. Hakupiga kelele. Hakurusha hata chungu alichokuwa nacho mikononi. Aibu hiyo ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipomeza mate aliisikia.

Wafanyabiashara walifunga maduka siku nne mfululizo. Mwenyekiti alipoona mambo yanamwendea mrama akakubali hamali awekewe sanamu langoni, na watu wakamchagua Bi Tope aifinyange. Kabla hajagusa udongo alikwenda kwa mama yake Winchi, mwanamke mzee anayeuza mifagio upande wa nyuma wa soko.

"Nimfanyeje, mama?"

"Mfanye nilivyompokea," yule mama akajibu bila kuacha kufunga mfagio wake. "Nilimwosha mwenyewe. Mdomo ulikataa kufumba, nikaufunga kwa mtandio wangu. Usiniletee mtoto wa mtu mwingine, mwanangu."

Hayo ndiyo maagizo aliyoyafuata. Kamati ilikuwa na yake. Wiki moja baada ya lile kofi la mkono, Bi Tope alinyang'anywa kazi, ikapewa fundi wa mabango ya biashara, na haukupita muda langoni pakasimamishwa kijana wa plastiki ngumu, mashavu yamenona, meno yote nje kama anatangaza dawa ya mswaki. Siku ya kwanza Mama Winchi alipita mbele yake, akasimama, akamuuliza muuza vitunguu, "Huyu ni nani?"

Bi Tope alivunjika moyo, tusidanganyane. Alilala siku mbili ameupa ulimwengu mgongo. Alijiambia kwamba amemkosea Winchi mara mbili, alipokuwa hai na alipokwisha kufa. Siku ya tatu alijizoazoa akaenda karakana, akamkuta mdogo wake amesimama mbele ya udongo na kipande cha ubao mkononi. Mdogo wake alikuwa mchomeleaji vyuma. Karakana walikuwa wanaitumia pamoja, yeye na mageti yake, dada na matope yake.

"Dada, ni sentimita mbili tu," akasema. "Tunalinyoosha, tunawapelekea, wanaiondoa ile takataka yao. Nani atajua?"

"Mama yake."

"Macho yake yenyewe hayaoni vizuri siku hizi."

"Ana mikono."

Mchomeleaji akatua ubao. Bi Tope akalisukuma taya kwa dole gumba lake mwenyewe, taratibu, mpaka likapinda kama alivyoliona siku ile. Halafu akamwambia mdogo wake alete plasta.

Kazi hiyo ina kipindi kimoja cha kutisha. Udongo hufunikwa plasta mwili mzima, ikikauka ikawa kalibu, yaani ganda la kumiminia umbo. Kalibu hufunguliwa kwa nyuma, udongo wote ukakwanguliwa na kutupwa, na ndani ya uwazi uliobaki hujazwa saruji. Saruji ikishakaza, plasta hubomolewa kidogo kidogo kwa patasi butu mpaka sanamu itoke. Kuanzia udongo unapotupwa hadi plasta inapobomolewa, uso haupo popote duniani isipokuwa mle ndani, gizani. Ukiharibika hapo, umekwenda. Ndiyo maana tabaka la kwanza la plasta, lile linalogusana na uso, Bi Tope hulitia bluu ya kufulia nguo. Patasi ikifika kwenye bluu, mkono unajua kwamba umekaribia, unapunguza nguvu.

Soko halina siri. Siku ya kumi baada ya saruji kumiminwa, saa nane mchana, mlango wa karakana ulipigwa teke ukang'oka bawaba. Aliingia Kisigino, wakafuata mgambo wawili wenye nyundo za kuvunjia mawe, na nyuma yao Mwenyekiti, anatafuna kijiti cha meno.

"Iko wapi?"

Ilikuwa mbele ya macho yao. Bonge jeupe la plasta, kubwa kama mtu kutoka kichwani hadi kiunoni, limezungushiwa nondo na katani, halina jicho wala mdomo. Kisigino alipindua rafu, vyungu vikapasuka. Akachungulia nyuma ya mageti. Kisha akalirudia bonge akalizunguka na kuangua kicheko.

"Si ndiyo hii, mzee? Kumbe hata uso hajauweka."

"Basi asiuweke tena," Mwenyekiti akasema. "Vunja."

Mchomeleaji alikuwa wa kwanza. Alichomoka na bomba la chuma, akampata mgambo mmoja begani, lakini mwenzake alimdunga mpini wa nyundo mbavuni mara mbili, akaanguka juu ya mashine yake ya kuchomelea na kubaki hapo akitafuta pumzi. Bi Tope alikamata nyundo yake ya mbao. Safari hii hakusubiri. Alimpiga Kisigino katikati ya paji la uso kwa nguvu zote alizokosa siku ile ng'ambo ya njia, ngozi ikapasuka, damu ikamshuka mpaka kidevuni. Naam, na ikamfurahisha. Akainua nyundo tena.

Hakuishusha. Kisigino alimdaka mkono wa kulia, akaubamiza juu ya meza ya kazi, akaomba nyundo kwa mwenzake kama mtu anayeomba chumvi mezani, na kuupiga. Mifupa ikalia. Bi Tope aliutambua mlio huo kabla hajayasikia maumivu. Kisha maumivu yakaja, akaanguka na kutapika sakafuni.

"Hapo sasa finyanga," Kisigino akamwambia, akaligeukia bonge.

Alipiga kama mwendawazimu. Damu ya paji ilimwingia jichoni na ikamzidishia hasira. Plasta iliruka huku na huku, vumbi jeupe likajaa karakana, nondo zikapinda. Bi Tope alilia pale sakafuni kama mfiwa. Winchi alikuwa anauawa tena, na buti ni lile lile. Ila jicho la fundi halilali hata mwenyewe akiwa anakufa. Katikati ya machozi akaona kwamba nondo zinabeba mapigo, na kinachodondoka ni kile ambacho mwenyewe angehangaika nacho wiki nzima kukitoa. Kisha, upande wa shavu, ikachungulia rangi ya bluu.

Pigo moja zaidi kama yale, na uso umekwenda.

"Punguza!" akapaza sauti. Haikuwa hila. Ndiyo sauti aliyoitumia miaka yote kwa kila aliyewahi kumshikia patasi. "Umefika kwenye bluu! Gonga taratibu, mpumbavu wewe!"

Na Kisigino, mtu aliyezoea kufanya anachoambiwa kwa sauti kali, akapunguza. Nyundo ilikuwa imekwisha kuinuka, lakini ilishuka kwa upole, ikagonga tu. Ganda la bluu likapasuka kama la yai, likadondoka vipande vitatu.

Winchi akawatazama. Jicho moja wazi, jingine limevimba, midomo imeachana, na taya limekwenda kushoto. Hakuna aliyemweleza Kisigino lile ni taya la nani. Alikuwa analijua kuliko hata aliyelifinyanga, kwa kuwa fundi wa kwanza wa taya lile alikuwa yeye. Alirudi nyuma hatua moja, akajifuta damu jichoni, akatazama tena.

"Toba," akasema.

"Piga!" Mwenyekiti akafoka.

"Piga wewe, mzee."

Akaiachia nyundo chini na kutoka nje. Mwenyekiti aliiokota mwenyewe, kijiti bado mdomoni. Pigo lake la kwanza liliondoka na sikio la Winchi. Alikuwa ameinua la pili, amelilenga taya, mchomeleaji alipojiburura na lile bomba lake kumpiga gotini. Goti liliitika, Mwenyekiti akaenda chini akipiga mayowe ya kumwita mama yake. Kelele zikawaleta majirani, mafundi wa magari na spana zao, wakajazana mlangoni. Mgambo wawili walipohesabu spana wakambeba bosi wao mkuku mkuku, na kijiti chake cha meno kikabaki sakafuni.

Mama Winchi alifika jua likiwa bado kali, mifagio kichwani. Hakuna aliyempisha kwa maneno, walisogea tu kando. Alitua mzigo wake, akakanyaga vipande vya plasta, akausogelea uso na kuupapasa kwa vidole. Paji. Jicho lililovimba. Mahali palipokuwa na sikio.

"Sikio ni wao, mama," Bi Tope akasema kutoka sakafuni. "Leo hii. Nitalirudisha."

 Vidole vya yule mama vilikuwa vimefika kwenye taya, vikalifuata lilikoelekea, kushoto na chini, vikasimama.  Kisha akauvua mtandio wake kichwani, akaukunja upande mmoja, akaunyoosha mbele ya uso wa mwanawe kama anayetaka kuufunga mdomo ule kwa mara ya pili. Mikono ikabaki hewani.

"Hapana," akasema. "Huyu mwacheni aseme."

Akageuka, akachuchumaa mbele ya Bi Tope. "Lete mkono."

Alimfunga kwa ule mtandio, akazungusha na kukaza kama anayefunga mfagio. Bi Tope alipiga kelele, hakuona haya. Maumivu yalipotulia kidogo aligundua kwamba anameza mate na kooni hakuna kitu.

"Twende hospitali, dada," mdogo wake akasema, amejishika mbavu.

"Tutakwenda. Begani bado kuna plasta, na gunia nililomtwisha bado limefunikwa lote." Akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe patasi."

Mchomeleaji akampa. Mama Winchi akamshikia taa ya umeme, ingawa jua lilikuwa linaingia mlangoni, na wakaanza na bega.