Gunia Chini ya Mlingoti

...na hapo njo nimekwisha kuharibu, ona, nimeanza na gunia wakati hadithi hii ilifaa kuanza na mwanamke, nisamehewe, nasimulia vibaya, ila naomba radhi kwa nani humu ndani ya kichwa changu, hamna hata benchi moja la watazamaji, na yule aliyekuwa akinikatiza nikikosea mwanzo, akisema, Anza tena, mwanaume, umevaa suruali kichwani, yeye amelala kule juu mlimani kando ya shamba letu la zamani, sasa ningeanza na nini, gunia njo liko mbele ya macho yangu, gunia la maharagwe juu ya kichwa cha Munyakazi mchukuzi, na Munyakazi amesimama ndani ya ziwa mpaka magotini, ubavuni mwa mashua yangu, shingo imeingia mabegani kama ya kobe, na ananiuliza, Papa Victorine, hii gunia tunaweka wapi?, na swali ni jepesi, mtoto wa darasa la kwanza angelijibu, kila kitu kingine kimekwisha kupata mahali, mihogo mbele, mikungu ya ndizi juu ya mihogo, mbuzi wa Mama Drocella wamefungwa karibu na Mama Drocella mwenyewe, na sijui ni nani kati yao anayelalamika zaidi, katekista Hakorimana amekaa na rozari yake na mwavuli wake, tayari kwenda kisiwani Ijwi kwa njia ya maji ao mbinguni kwa njia ya mashua yangu, kwake yote sawa, limebaki gunia moja, na gunia moja linalobaki kwenye mashua ya tanga lina mahali pamoja tu, katikati, chini, kwenye mguu wa mlingoti, ili upepo ukivuta kitambaa huku uzito uvute mbao kule, bila hivyo tunapinduka kama kikombe, kila mtu hapa Bweremana anajua hivyo, hata mbuzi wanajua, na hakuna anayethubutu kulisema, kwa sababu pale chini ya mlingoti njo palikuwa pa Verdiane, mke wangu, na Verdiane amekufa wakati wa mvua, na leo ni mara ya kwanza mashua hii inaguswa tangu tumzike...

Munyakazi anasema, Papa, shingo, Mama Drocella anamwambia, Vumilia kidogo, kaka, muzee iko anafikiri, na Munyakazi anasema, Anafikiri na shingo yangu?, na mbuzi mmoja anacheka, ao anapiga chafya, sijui, na mimi nasikia yote hayo kwa mbali, kama mtu aliyezamisha masikio kwenye beseni... kosa ni lake Munyakazi mwenyewe, nani alimtuma kubeba gunia kabla ya kuuliza mahali pake, watu wa siku hizi wanabeba kwanza halafu njo wanafikiri, wangebaki na gunia lao nchi kavu tungekuwa tumekwisha kuondoka... hapana, uongo, tusingeondoka, bila uzito pale chini hakuna kuondoka, na miaka ile yote sikuwa na gunia, nilikuwa na mke, alikaa pale, mgongo kwenye mti, uso kwangu mimi niliyeshika usukani nyuma, amejaza nafasi kutoka ubavu mpaka ubavu, na kila safari, tukishatoka tu kwenye matete, nilisimama nikawaambia abiria, Wapendwa, wenye mashua wengine wananunua nanga dukani, mimi nanga yangu nilimtolea baba yake ng'ombe wawili!, na watu walikufa kwa kicheko, na yeye, bila hata kuinua macho kwenye kushona kwake, alisema, Na siku nanga itachoka kukusikia, itajitupa majini yenyewe, hapo walicheka mara mbili, kila safari, watu walewale, mimi nilileta kuni tu, yeye njo alileta moto...

Ee Papa Victorine, anasema Mama Drocella, sasa ameinama kunitazama, sauti yake imekuwa laini, na sauti laini ya muuza mbuzi inatisha kuliko radi, sema basi kamzaha kamoja ka kutupa moyo, kale ka... na mara anajifunga mdomo kwa kiganja, amekumbuka, kale ka nanga njo alitaka kusema, na sasa katekista anasogeza rozari haraka kana kwamba shanga zinamchoma vidole, na wote wananyamaza, na ukimya huu naujua, nilifundishwa kuutengeneza, kwenye teatre ya misioni Padri mwenye ndevu nyekundu alituambia neno la mwisho halitupwi, linabebwa kama yai, unasimama, unapumua, unaacha watu wakuinamie, halafu njo unalitua, nilicheza mlevi, nilicheza daktari anayempima mgonjwa na kumbe anampima daktari mwenzake, nilicheza shetani wa Noeli mpaka mamama wa mstari wa mbele wakahamia mstari wa nyuma, na siku ile ya shetani ukumbi mzima ulipasuka isipokuwa msichana mmoja, mwili wake umejaa kama mtungi wa maji, ametoka huku ziwani kumtembelea shangazi yake, amekunja mikono, nikamfuata nje na mkia wangu wa kamba, nikamuuliza, Dada, wewe hucheki?, akasema, Nilikuwa nangoja umalize, nikasema, Nimekwisha kumaliza, akaniangalia toka pembe mpaka mkia, akasema, Apana, bado unacheza... na njo nikawaza, huyu lazima nimtafutie ng'ombe...

Sasa neno la mwisho liko wapi, yai liko wapi, wananiinamia wote na mkono wangu ni mtupu, mizaha yangu yote ilikuwa juu yake, nimetafuta tangu juzi, nimepekua kichwa kizima kama mtu anayetafuta ufunguo, huu wa nanga, ule wa Verdiane akipiga chafya Ijwi inasogea, ule wa bwana aliyeuliza mashua inabeba tani ngapi nikamwambia, Uliza mama, siyo mashua... kila mlango ninaofungua, yeye njo amekaa ndani, na mzaha juu ya marehemu mbele ya katekista na mbuzi, hapana... kosa ni la Edmond basi, Edmond shemeji yangu, kaka yake Verdiane, ninamuona pale ukingoni mbele yangu kabisa, amesimama kwenye mchanga na msumeno mkononi, eti alikuwa anapita tu, muntu gani anapita tu na msumeno mrefu namna ile, tulikubaliana kwenye kikao cha ukoo, mashua isipokwenda kwenye soko la leo basi haiendi tena, inapandishwa juu, inakatwa, mbao zinakuwa milango ya nyumba yake mpya, naye si mtu mbaya, jana tu aliniambia, Shemeji, usijilazimishe, mbao ni mbao, na nilimjibu, Na shemeji ni shemeji, akacheka, akaenda kunoa msumeno... na kwa ukoo wao kiti cha marehemu kinalazwa ubavu siku ya mazishi, hakikaliwi, mpaka aje mtu wa nyumba yake akiinue, nilimuuliza Edmond, Mashua nitailaza ubavu namna gani, nikiilaza tunazama wote, akasema hilo wazee hawakulifikiria...

Na nikirudi mlimani najua ninarudi wapi, binti yangu Victorine amekwisha kujenga, kajumba ka mlango mmoja nyuma ya nyumba yake, mlango unatazama migomba, Papa utapumzika, anasema, watoto watakuchekea, kuna maharagwe, kuna muhogo, unataka nini tena, na ni kweli, nataka nini tena, nitakaa pale nitazame migomba, Jumapili wataniita kwenye arusi za watu, Mleteni yule mzee mchekeshaji, nitavaa mkia wa kamba, nitachekesha, halafu watanirudisha kwenye mlango mmoja, na migomba itanitazama, na migomba haicheki... sisi tulitoka kule kwa shida, watu wa mlima walitucheka, Mnakwenda kulima maji?, ilikuwa baada ya volkano kumwaga moto wake mpaka ziwani upande wa Sake, barabara ikazikwa, makamiyo ya mizigo yakasimama, na Verdiane akasimama katikati ya shamba na jembe lake, akasema, Unaona, barabara inakufa, maji haifi, mimi nilikuwa siwezi kuogelea, mpaka leo siwezi, yeye njo alikata amerikani akashona tanga sebuleni, kitambaa kimejaa nyumba nzima, tulikula tumeketi juu yake, tukalala juu yake, na mimi nikaitwa kapiteni...

Papa Victorine, sikio yangu imeanza kulia, anasema Munyakazi, na Mama Drocella anasema, Itue basi juu ya ndizi, na Munyakazi anasema, Ndizi zitakuwa pombe kabla ya Ijwi, na katekista anasema, Watoto wa Mungu, upole, upole... wangeniacha nipumue tu, nimezungukwa, mihogo nyuma yangu, magoti ya Mama Drocella kulia, maji kushoto, Edmond mbele, hata panya angeuliza njia... na lile gunia, sikilizeni, lile gunia alilisema yeye mwenyewe, kwenye kitanda cha dispensere, sijamwambia mtu, alikuwa amekwisha kukonda, wanaume wanne wa tipoyi, machela ya kubeba wagonjwa, walikuwa wamekuja kumchukua nyumbani, wanaume wa mlima, wote wanaijua mizaha yangu, wakabishana kwanza nani atashika upande wa mabega, wakatemea viganja, wakanyanyua kwa nguvu, na akapanda juu mno, ghafla, kama mtungi unaonyanyua ukidhani umejaa kumbe mtupu, na wanne wote walinitazama mimi, kana kwamba nimewadanganya miaka yote... na pale kitandani nilifanya nini, nilichekesha, nilimwambia, Amka, mwanamke, mashua inanitukana, inasema haina nanga, na yeye akasema, Weka gunia, nikasema, Gunia gani?, akasema, Ya maharagwe, usiweke ya chumvi, chumvi italowana, na usiweke muntu, muntu atachoka na maneno yako, gunia haina masikio, na mimi nikacheka, Padri alitukataza, mwenye kuchekesha asicheke, nikacheka mpaka machozi, mpaka wagonjwa wengine wakageuka, na nilipofuta macho nikaona amekunja mikono juu ya blanketi, ananitazama tu... alikuwa anangoja nimalize.

Na sikumaliza, nilitoka nje kumtafutia maji ya kunywa, nikamchekesha hata mwuguzi njiani...

Basi jibu ninalo, Munyakazi, jibu ninalo tangu mvua, weka pale, neno moja tu, pale, lakini nikisema pale, halafu nini, halafu nikae nyuma, nishike usukani, na toka hapa mpaka Ijwi, saa zote, mbele ya macho yangu gunia, mimi ninaongea na gunia linanitazama bila macho, hiyo siwezi, mtu anaweza kushika usukani akitazamwa na mke, ao akitazamwa na Mungu, gunia hapana... na huo usukani wenyewe, ona, nani ameuacha vile, unachezacheza peke yake kule nyuma, kushoto, kulia, kama mkia wa mbuzi, mashua imejaa watu na nyuma hakuna mtu, hiyo ni kazi gani, na jua nalo leo limekosa adabu, miaka yote asubuhi lilinichoma macho, leo linanichoma kisogo, na milima ya Masisi ninaiona yote, mmoja nyuma ya mwingine mpaka ule wa bluu, sijawahi kuiona hivi kutoka majini, mimi nilikuwa naona maji yanayokuja, ni yeye njo alikuwa anaona milima inayokwenda, na katikati ya milima, mbele yake, palepale usukani ulipo, kichwa cha mwanaume mmoja kinachoongea, kinaongea, kinaongea, miaka yote... na mti huu mgongoni mwangu ni laini, umelainishwa na kitu, na huku na huku ya mapaja yangu imebaki nafasi, nafasi kubwa, ningekuwa watatu tungetosha...

Mama weee... Munyakazi hajaniuliza mahali, mahali anapajua, mchukuzi wa watu ananiomba kwa adabu niinuke hapa pa Verdiane, njo maana Mama Drocella amelainisha sauti, njo maana Edmond hajakaribia na msumeno wake, anangoja mtu wa nyumba ya Verdiane ainue kiti na anaona kiti kina mzee juu yake, wote wananiangalia mimi na wote wanaangalia usukani, mimi, usukani, mimi, usukani, na Munyakazi anasema tena, taratibu, kama anaamsha mtoto, Papa, tunaweka wapi?, na mimi bado nimekaa, kumbe gunia limekwisha kuwekwa tangu asubuhi, na lina ndevu, na watu wazima wamepanga mizigo yao, wamefunga mbuzi wao, wamemaliza rozari ya kwanza na wameanza ya pili, wote tunamngoja kapiteni, na mimi njo nilikuwa wa kwanza kukasirika kwamba anachelewa.