O za Bikari

Walimbandika jina Bikari kwa sababu tangu shuleni hakuwahi kuchora duara kwa mkono mtupu. Alipobuni seti yake ya herufi, kazi ya miezi minane kwenye kompyuta, kila herufi ilitokana na duara, mraba na mstari ulionyooka. Hakuna mikia, hakuna madoido. Zilikuwa safi jamani, zinatuliza macho. Hata baba yake, mchora mabango kwa miaka thelathini na mpenda mapambo kuliko bibi harusi, alizitazama ukutani akazikubali, ila akamwambia binti yake dosari moja.

"O zako zimesinyaa, mama."

Bikari akachukua rula. O na T zilikuwa na kimo kimoja. "Baba, rula haidanganyi."

"Haidanganyi, ila haisomi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake asubuhi akapeleka hospitalini bango la kwanza: WATOTO, herufi za buluu juu ya nyeupe. Muuguzi mkuu akiridhika, hospitali nzima ingeandikwa kwa herufi zile. Asiporidhika, wangenunua mabango ya dukani, na miezi minane ingekwenda na maji. Muuguzi mkuu alisimama mwisho wa korido, akakunja uso.

"Mbona O ndogo? Utadhani wameandika watoto wenyewe! Nakupa mpaka saa kumi."

Aibu ilimpanda Bikari mpaka masikioni. Aliporudi karakana, baba hakusema "nilikuambia", na kwa mdomo ule wake, hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Alipiga mistari miwili ya chaki ubaoni, akachora T katikati yake. Kisha akachora O, akaiacha ivuke mistari kidogo, unene wa ukucha juu na unene wa ukucha chini. Akamvuta binti yake hatua kumi nyuma. Sasa zililingana kabisa.

"Jicho linakula kingo za duara," alisema. "Basi unaliongezea kidogo, lishibe."

Bikari alimtazama mzee huyo ambaye hakuwahi kushika bikari maishani mwake. Alijivunia kuwa mtoto wake, akamwambia hivyo hivyo. Kisha akaikuza O, akazikuza C, G na S, akakata bango upya.

Saa kumi kasorobo lilikuwa ukutani, baba ameshikilia ngazi. Kabla muuguzi mkuu hajafungua mdomo, aliingia mama mmoja na mtoto mgongoni. Aliinua macho mara moja, akakata kushoto, akaenda moja kwa moja wodini bila kuuliza mtu. Muuguzi mkuu akamkimbilia.

"Samahani dada, bango limekusaidia?"

"Bango gani?" mama akashangaa. "Mimi nimeona tu wodi ya watoto iko huku."

Muuguzi mkuu aligeuka. "Leteni yote yaliyobaki."

Bikari alishuka ngazi akicheka. Baba bado alikuwa anatazama mlango alioingilia yule mama.

"Mabango yangu watu husimama wakayasifia," alisema taratibu. "Hakuna hata moja lililowahi kumfikisha mtu haraka hivyo."