Mzigo wa Mbuzi wa Patsy

Jumatatu moja, saa mbili na robo asubuhi, Zaharia aliingia katika Ofisi ya Wanyama na Vyombo mjini Mutsamudu, akiwa na kikapu, mkeka wa kusalia na beberu aliyemnunua kijijini Patsy. Karani Rachadi alikuwa akichovya mkate kwenye chai. Alimkaribisha mama kiti, naye mbuzi akaonyeshwa kivuli cha kabati.

"Nataka kwenda Moroni, mwanangu," Zaharia alisema. "Nasrine wangu yuko mwezi wa tisa. Mimba ya kwanza."

Rachadi alimeza kwanza ndipo akajibu, kwa kuwa alilelewa vizuri. "Koko, Moroni haiendeki."

"Koko ni mwenye mjukuu. Mimi sijawa. Ndiyo kwanza naenda kuwa."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu kisiwa chao cha Nzwani kujitenga na visiwa vingine vya Komoro. Simu zilikuwa zimekatwa. Mutsamudu ilikuwa na muhuri mpya ambao Moroni haikutaka kuuona, na Moroni ilikuwa na muhuri wa zamani ambao Mutsamudu ilikwisha kuutupa baharini mbele ya halaiki. Mwenye cheti cha huku alirudishwa kule, mwenye cheti cha kule alizuiwa huku. Lakini desturi haikujitenga. Binti akijifungua mara ya kwanza, mama yake ndiye humpokea mtoto, humkanda mzazi kwa maji ya moto na kukaa naye siku arobaini. Nasrine angejifungulia Mutsamudu, katika nyumba ya mama yake, lau mumewe Imrane asingekuwa mwalimu Moroni na bahari isingefungwa wakiwa huko.

Rachadi alifikiri kidogo, akapanda juu ya kiti, akateremsha kitabu cha sheria.

Kilikuwa kitabu cha enzi za ukoloni. Siku ya kujitenga ilitangazwa kwamba sheria zote za zamani zitaendelea mpaka zitungwe mpya, na kwa kuwa wakubwa walikuwa na shughuli nyingi, hakuna mpya iliyotungwa ila ya bendera. Basi sheria za zamani ziliamka zote. Mkwezi wa minazi hakuruhusiwa kupanda bila soksi. Ilikuwa marufuku kupiga mluzi mbele ya nyumbu wa gavana, na nyumbu huyo, aliyekufa miaka sitini nyuma, alikuwa amerudi kusimama kwenye ngazi za ngome ili sheria ipate pa kushika. Watu walimpita wamefunga midomo. Wenye haraka walimpita kwa ubavuni.

"Hiki hapa," Rachadi alisema. "Kifungu cha saba. Mbuzi anayevuka bahari kati ya visiwa atakuwa na karatasi yake, yenye jina lake na sifa zake. Na mwenyeji asiye na karatasi, akikutwa na mbuzi mwenye karatasi, atahesabiwa kuwa mzigo wa mbuzi huyo."

"Nani aliandika hayo?"

"Gavana mmoja aliyekuwa na mbuzi wengi."

"Na Moroni wanaikubali?"

"Wana kitabu hikihiki, koko. Tumegombana juu ya kila kitu, lakini kifungu cha saba hakuna aliyekumbuka kukigombania."

Zaharia alimtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa akila pembe ya kalenda. "Andika," akasema.

"Jina lake?"

"Hapewi jina. Ni wa akika, wa kuchinjiwa mtoto."

"Sheria inataka jina."

"Basi Ndevu."

"Kazi?"

"Kula."

"Mlaji," Rachadi aliandika. "Serikalini wako wengi." Kisha akafika kwenye sehemu ya mzigo, akasita. Mzigo wa mbuzi mmoja haukutakiwa kuzidi kilo ishirini. Alimtazama Zaharia, mama mwenye mwili wake, akaandika kwa huruma: kumi na saba. Akamfunga kikaratasi kwenye kifundo cha mkono.

Alipotoka nje Zaharia alihisi viatu vimekuwa vikubwa kwa wepesi. Alipomaliza kusali adhuhuri, kishikio kilikuwa kimemwota katikati ya mabega, cha ngozi ya kahawia, kimeshonwa kwa uzi mara mbili. Yeye alikuwa mshonaji kwa kazi yake. Alikipapasa kwa vidole, akaona mshono ni mzuri. Akatoboa shiromani yake, nguo ya kujitanda, mahali panapostahili, akapinda ukingo wa tundu usije ukafumuka, akakitoa kishikio nje kikapumua.

Lililomsumbua ni jingine, akaenda nalo kwa Mouzaoir, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye mji mzima humwita fundi.

"Fundi, mzigo unasali?"

Fundi Mouzaoir hakukurupuka. "Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Na paji la uso?"

"Lipo."

"Basi utasujudu. Njiani punguza rakaa kama msafiri. Ukifika, kwa kuwa umenuia siku arobaini, timiza." Akazunguka nyuma yake, akakitazama kishikio kwa makini. "Na hiki hakitengui udhu. Nenda, Mungu akulinde. Kwake Yeye hakuna aliyeandikwa mzigo."

Zaharia alilia kidogo, akashukuru, akaenda bandarini.

Kwenye boti Ndevu alipewa benchi karibu na dirisha. Mchukuzi alimjia Zaharia kwa adabu. "Samahani, mama. Nikushike mkono au kishikio?" Alipoambiwa kishikio, alimnyanyua kwa mkono mmoja na kumweka juu ya magunia ya mchele, mahali pakavu. Hapo aliwakuta wengine kumi, kila mmoja na kikaratasi chake. Mtu mmoja alibaki gatini na kondoo wake, akimlaumu, kwa sababu kifungu hakikutaja kondoo.

"Mzigo huu unasema peke yake," alilalamika mzee mmoja aliyelazwa kando yake.

"Ninasoma Yasini."

"Soma kwa sauti basi, nasi tufaidike."

Bahari ilichafuka. Zaharia alikumbuka barua ya Nasrine, iliyosema kwamba miguu imemvimba na mkunga hapendi rangi ya macho yake. Woga ukamshika. Akateremka kwenye magunia, akasota mpaka benchi ya Ndevu, akamshika pembe, kama wanawake wa kwao wafanyavyo wakiweka nadhiri, kwa maana wao huona kwamba kisichoshikwa hakijaahidiwa. "Ya Rabi," alisema, "nikiwakuta mama na mwana wazima, mbuzi huyu, huyu niliyemshika, ni wako kwa akika ya mtoto."

Ndevu alitapika, akapewa ndimu.

Moroni walipokewa na Hakima, ofisa wa forodha mwenye miwani na kitabu kilekile. Alimpa mbuzi heshima zote.

"Karibu Moroni, bwana Ndevu. Una mzigo?"

"Anao mmoja," Zaharia alijibu.

"Mzigo usijibu. Ndani yake mna nini?"

Ndevu alicheua. Hakima alisubiri, kisha akajiandikia mwenyewe: vitu vya nyumbani. Akamweka Zaharia kwenye mizani, ikasoma kumi na saba, akagonga muhuri.

Nasrine alijifungua siku ya tatu, Alhamisi, baada ya alasiri. Zaharia ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa msichana, mzima, mwenye hasira, na Nasrine alikuwa mzima. Imrane alimwadhinia sikioni, wakamwita Nahida. Zaharia alisujudu pale pale sakafuni, kishikio kikining'inia shingoni. Mambo yote yalikuwa kama alivyoomba.

Mtoto alipofikisha siku ya sita Imrane alitoa kisu, akaanza kukinoa uani. Hata hakijapata makali, Hakima akabisha hodi. Alikuwa amesikia sauti ya kinoo.

"Nimekuja kama jirani, si kama ofisi," alisema, akafungua kitabu. "Kifungu cha saba kina mkia. Mwenye mzigo akifa ugenini, mzigo wake ni mali ya warithi, wala hautoki kisiwani ila kwa idhini yao wote."

"Warithi wa mbuzi ni nani?" Imrane aliuliza.

"Waliomla. Kila mtu kwa fungu lake."

Mtoto alipiga chafya, wote wakamwombea rehema.

"Mama," Nasrine alisema, "tutafute mbuzi mwingine. Huyu mwache aishi, siku arobaini zikiisha akurudishe nyumbani kwako."

"Nilimshika huyu."

"Mungu anajua shida yako."

"Anajua. Ndiyo maana alinipa nilichoomba, hakunipa kinachofanana nacho." Zaharia alimtazama Ndevu, ambaye alikuwa akiimaliza barua ya Imrane kutoka wizarani. Aliifikiria nyumba yake ya mawe Mutsamudu, yenye cherehani kando ya dirisha na ufunguo alioufunga kwenye pindo la shiromani. Kisha akamwambia mkwewe, "Mwanangu, kinoe vizuri, asiumie."

Siku ya saba Ndevu alichinjwa kwa bismillahi. Viungo vyake vilitenganishwa kwenye maungio bila kuvunjwa mfupa, kama inavyotakiwa katika akika, akapikwa, akagawanywa mtaa mzima katika mabakuli arobaini na matatu. Zaharia hakuonja. Mwenye nadhiri hali nyama ya nadhiri yake. Kwa hiyo jioni ile akawa mtu pekee katika mtaa asiyemiliki hata kipande kimoja cha Zaharia.

Wengine walikuja kudai haki yao kesho yake. Aliyekula paja alimtaka asubuhi mbili kwa juma. Aliyekula shingo alitaka apindiwe suruali. Bibi mmoja aliyepata mchuzi mtupu alimtaka aje tu, wakae, wasalie Mtume pamoja. Mwanamume mmoja, ambaye tangu kujitenga hakumsalimia mtu yeyote wa Nzwani, alikuja kichwa chini.

"Nilikula mbavu mbili," alisema. "Sikujua ni za nani."

"Zilikuwa tamu?"

"Sana, mama."

"Basi lete huo mfuko wako uliochanika, niushone."

Siku ya arobaini Zaharia alifunga kikapu chake. Warithi arobaini na watatu walipanga foleni ofisini kwa Hakima kutia sahihi. Wawili walilia. Mla mbavu alitia sahihi mara mbili, moja kwa kila ubavu. Hakima alihesabu, akahesabu tena, akavua miwani.

"Pana pungufu. Ini."

Wote walikumbuka. Siku ya akika, kabla ya kugawa, paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika, ambaye si wa mtu, alikuwa amenyakua kipande cha ini na kutoweka chini ya gati.

"Paka naye ni mrithi," Hakima alisema kwa masikitiko.

"Basi aje atie unyayo," Imrane alisema.

"Ili atie unyayo lazima awe na karatasi. Kitabu hakina fomu ya paka."

"Si kina nyumbu?"

"Nyumbu alikuwa wa gavana."

Zaharia alichukuliwa kwa kishikio mpaka nyumbani, akafungua kikapu, akatundika mkeka wa kusalia kwenye msumari.

Baadaye wakubwa wa visiwa walikutana katika ukumbi wenye feni, wakapatana, wakapigana picha. Simu ziliunganishwa. Wa kwanza kupiga alikuwa Rachadi. "Koko, nyumba yako haijambo. Nyumbu yuko pale pale, ila sasa watu wanamwekea maji." Bendera ikawa moja tena, na kitabu cha sheria kikachapishwa upya kwa karatasi nyeupe nzuri. Hakima alimletea Zaharia nakala ili atazame mwenyewe. Kifungu cha saba kilikuwa mahali pake. Walikuwa wamerekebisha nukta moja.

Nahida alijifunza kusimama kwa kushika kishikio cha bibi yake, kisha kutembea, kisha kukimbia akiwa amekishika, Zaharia akimfuata nyuma mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Mtoto alipofika umri wa kupata cheti cha kuzaliwa, karani aliuliza jina la bibi mzaa mama, akatafuta katika daftari, akaandika alichokikuta: mzigo mmoja, kilo kumi na saba. Imrane alitaka kugomba. Zaharia alimzuia, akauliza kama unaweza kuongezwa mwandiko mdogo pembeni. Karani alisema pembeni hapana sheria. Basi Zaharia akaandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu za chuoni: Zaharia, wa Mutsamudu, koko.

Kila Jumatatu saa mbili na robo huteremka gatini na kichwa cha samaki, kidau cha wino na fomu ya paka aliyoichora mwenyewe kwa rula. Paka huja. Hula kichwa cha samaki polepole, huramba unyayo mmoja baada ya mwingine, hutazama wino, huenda zake. Zaharia hufunika kidau, husema alhamdulillahi, na Nahida, ambaye sasa ana miaka mitano na nguvu za kutosha, humnyanyua kwa kishikio na kumpeleka nyumbani.